Fumbo la Drafti, Injini Ikinywa Maji

Siku yangu ya kwanza kazini, nyapara wa reli pale Same alinikabidhi nyundo na spana, akanionyesha upande wa Lembeni. "Macho chini, bwana mdogo. Boliti ikilegea, kaza. Ukikutana na simba, mpishe." Hizo ni enzi za Mwingereza, nami nilikuwa nimemaliza shule ya usiku, najiona profesa. Kutembea kutwa kulinifaa, maana kutulia sijui tangu tumboni mwa mama.

Nyapara huyo ndiye aliyenifunza kazi yangu ya pili, isiyo na pensheni: kutega mafumbo ya drafti. Ninyi vijana mnacheza mchezo mzima. Sisi tulipanga kete chache tu ubaoni, tukamwambia mtu: nyeupe zianze, zishinde. Utamu uko kwenye sheria kwamba kula ni lazima. Unamlisha adui kete tatu, ananenepa, kumbe unamwondoa mlangoni. Ya nne inapenya, inakuwa kingi, inafagia ubao wote. Na njia ya ushindi iwe moja tu. Zikiwa mbili, fumbo limekufa. Nilitunga nikitembea, mataruma ya reli ndiyo ubao wangu, na nilitunga mengi kuliko mawe ya Upare.

Kila mwaka stesheni masta aliandaa shindano pale jukwaani. Treni ya Moshi ikiingia, mfumbuzi kutoka Ugweno alipewa muda wa injini kunywa maji. Akifumbua, anapanda yeye kwenda kwenye mashindano ya Moshi. Honi ikimkuta bado, anapanda mtegaji. Mimi niliyekaza kila boliti ya reli ile sikuwa nimewahi kupanda treni hata stesheni moja! Nilikitaka kiti kile kuliko mke.

Mwaka niliotega mimi, akaja mzee mmoja, mkulima wa kahawa wa Ngujini, huko huko Ugweno.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Ndiyo fumbo lenyewe hili? Mbona limekonda?"

Watu wakacheka. Ukigusa kete umecheza, kwa hiyo mzee akawa anatembeza kidole juu ya ubao bila kugusa. Mimi naizunguka meza.

"Kaa chini, unanizibia upepo."

"Siwezi mzee, miguu ina mambo yake."

Kidole kikafika kwenye kete ya pembeni. "Hii," akasema, akaisukuma, akanilisha tatu, akanifagia.

"Umejuaje?" nyapara akamuuliza.

"Nimemtazama huyu kijana wako. Kwingine kote anazunguka kama nyuki. Nilipofika hapa, akasimama kama nguzo ya simu."

Jukwaa zima likaangua kicheko. Mzee akapanda treni.

Mwaka uliofuata nilipanga kete, na kabla mfumbuzi hajakaa nyapara akanifukuza: "Toka hapa! Nenda kakague reli!" Nikaenda. Miguu haijui kiasi. Nikatunga fumbo jingine, na jingine, mpaka Same ikapotea nyuma yangu. Mara reli ikaanza kuvuma. Treni hiyo! Kichwa cha nyapara kikachomoza dirishani.

"Limemshinda! Kiti chako hiki hapa!"

Nikatupa nyundo, nikakimbia kuliko swala. Dereva hakuwa na habari zangu. Fumbo likaenda Moshi na nyapara, na aliporudi alisema mji mzima ulitoka jasho.

Treni niliipanda baadaye, kwa tiketi yangu mwenyewe ya kwenda Moshi. Nikashuka Lembeni, kukaa kumenishinda.

Sasa nimestaafu nyundo, si mafumbo. Vijana wakiniomba, nawapangia kete kisha naenda zangu sokoni. Wanasema babu ana dharau. Waseme. Juzi mmoja alinifuata mpaka kwenye nyanya, akaninyooshea kidole usoni.

"Babu, ni ile ya katikati, sivyo?"

 Nilimwomba mama muuzaji fungu la pili, kisha la tatu, nikawa naizunguka meza yake nikizigeuza nyanya moja moja, mikono na miguu ipate shughuli mpaka kijana aondoke.