Hamira Iliyotoka Karambi

Siku yangu ya kwanza kazini sikukaa kitini hata mara moja. Nilikuwa nimeajiriwa kuwa mhudumu wa maabara katika sekondari moja ya kanisa kule Rukoki. Mkuu wa idara ya sayansi, Mkenya ambaye baba yake aliletwa na kazi ya mgodi, alinikuta nazungukazunguka na kitambaa nikifuta meza zilizokuwa safi tayari. Akacheka, akaweka ngozi ya kitunguu chini ya darubini.

“Unaona nini, Biira?”

“Vyumba, sir. Kila chumba iko na doa.”

“Hizo vyumba ndio seli. Doa ni kiini, hapo ndipo amri inatoka. Lakini nguvu inatengenezwa na mitokondria.”

“Ziko wapi?”

“Ndani humo humo. Hii darubini yetu haiwezi kukuonyesha.”

Ninyi vijana mnaziona kwenye simu, mna bahati. Mimi nilizijua kwa kuambiwa. Sukari ya chakula huvunjwa kwanza kwenye ute wa seli, kisha mitokondria huimalizia kwa oksijeni tunayovuta. Hapo ndipo nguvu nyingi hutoka, pamoja na maji na hewa ya kabonidioksidi tunayoitoa puani. Hufanya hivyo hata ukiwa umelala fofofo. Nilizipenda mara moja, kwa kuwa nami nina ugonjwa huohuo wa kutotulia.

Baadaye nikahamishiwa shule nyingine ya kanisa, huko Bwera. Mwalimu mkuu wa hapo alikuwa mlokole wa kuokoka hasa. Mfanyakazi akinuka pombe, hata kwenye koti tu, alikuwa anafunga virago. Mimi nami nilikuwa nimeokoka. Nilisimama kanisani mbele ya watu nikasema nimeachana na vyungu vya mama yangu. Mama Mbambu alikuwa akipika tonto, pombe ya ndizi, nyumbani kwetu Karambi, na ni tonto hiyo iliyonisomesha. Tangu ushuhuda ule nilimsalimia nikiwa nje ya ua.

Ukafika mtihani wa vitendo wa watahiniwa. Walitakiwa kuonyesha kwamba hamira, ambayo ni kiumbe cha seli moja, hupumua hata bila oksijeni. Unachemsha maji ya sukari kufukuza hewa, unayaacha yapoe, unatia hamira, unamwagia mafuta juu ili hewa isirudi. Mrija unapeleka mapovu kwenye maji ya chokaa, nayo yanageuka meupe kama maziwa. Nguvu inayopatikana hivyo ni kidogo, na kinachobaki ni kileo.

Asubuhi ya siku ya kuamkia mtihani niliijaribu hamira yetu. Hakuna povu. Nikajaribu pakiti ya pili, na ya tatu. Ilikuwa imekufa kwa joto la stoo, na stoo ni mimi niliyeitunza. Nikazunguka maduka yote ya Bwera, wapi! Watoto wale wangefeli kwa uzembe wangu. Mchana nikapanda boda kwenda Karambi.

Mama alikuwa akifunika mtumbwi wa kuchachushia pombe kwa majani ya mgomba. Akinikasirikia alinifokea kwa Kiswahili cha mpakani, alichokizoea sokoni.

“Mutoto wa Yesu! Leo umeingia mupaka ndani?”

“Mama, naomba mashapo ya chini. Hamira iko mule. Watoto wako na mtihani.”

“Ile pombe yangu ya shetani, sasa watoto beko naisoma ku shule?”

Nilijionea haya. Akanitazama, kisha akachota mashapo, akanijazia chupa mbili, akazifunga mdomo kwa jani.

“Usifunge kwa nguvu, itapasuka. Iko nahema.”

Hakuwahi kukanyaga maabara, lakini alijua kwamba hamira hupumua.

Kesho yake mapovu yalitoka kwa fujo, maji ya chokaa yakawa meupe meza zote. Mwalimu mkuu akapita akinusanusa.

“Biira, mbona hapa kunanuka kilabu? Hamira imetoka wapi?”

“Dukani, sir.”

Jumamosi nikarudi Karambi. Mama akauliza kama nilisema ni ya kwake. Nikasema ndiyo, na kwamba mwalimu mkuu ametuma asante. Alifurahi mno. Alitangazia kijiji kizima kwamba pombe yake imefanya mtihani, na alifariki akiamini hivyo.

Sasa nimestaafu na situlii. Naosha chupa ambazo hakuna anayezihitaji, nafuta meza moja mara tatu. Uongo ule unanitafuna. Jumapili iliyopita nikasimama kanisani, palepale nilipomkana, nikasema hamira ile ilikuwa ya Mama Mbambu wa Karambi, na kwamba nilidanganya mara mbili, kwa mwalimu mkuu na kwa mama.

Mwalimu mkuu, siku hizi mzee wa mkongojo, alikuwa mstari wa mbele.

“Ungeniambia,” akasema, “asante hiyo ningempelekea mwenyewe.”

Watu wakanihimiza nikae. Nilishindwa kukaa.