Kujiandaa na Marathoni Juu ya Baskeli

Daktari wa mifupa alinionesha picha ya goti langu, akaweka kidole pale mifupa miwili inapokaribia kugusana. "Hapa palikuwa na gegedu," akasema. "Limelika." Nikamuuliza litaota tena lini. Akacheka kidogo, kicheko cha adabu, akasema, "Halioti tena, mzee." Hilo la mzee liliniuma kuliko goti lenyewe. Nikamwambia nina marathoni mwisho wa mwaka. Akaanza kuandika dawa za maumivu huku akisema, "Endesha baskeli."

Basi nikalishika neno hilo. Hakusema endesha baskeli ndipo utakimbia. Alisema endesha baskeli, akaendelea kuandika. Yaliyobaki niliyatia mwenyewe njiani nikirudi nyumbani.

Nisemwe vyovyote, lakini mbio ndicho kitu changu pekee. Kazi nnafanya ya watu. Nyumba ni ya urithi, tumo ndugu wote na wake na waume na kelele zao. Lakini alfajiri, tukishasali, kutoka Mpendae kwenda mjini na kurudi, nilikuwa mtu wangu mwenyewe. Nusu marathoni nshazikimbia, na nzima sijapata hata moja. Kila mwaka kuna jambo: mara msiba, mara homa, mara kazi. Mwaka huu niliapa, na mke wangu nilimwambia tutaikimbia pamoja. Yeye alianza mbio kwa kunifuata mie, ati haniamini barabarani peke yangu. Alikuja kunichunga, akanogewa.

Baskeli niliitoa stoo. Ilikuwa ya marehemu baba, ya chuma, nzito, ina keria nyuma. Nikaipeleka kwa fundi ikatiwa mnyororo mpya, nikaanza.

Haki ya Mungu, mwanzoni nilidhani nimepata. Goti haliumi, pumzi zinaongezeka, nnakwenda mpaka Bwejuu na kurudi, safari ambayo kwa miguu nisingeithubutu. Jioni nikikaa barazani nawahutubia watu kwamba mbio ni ushamba, mwanariadha mwenye akili anapanda baskeli. Jamaa mmoja, jirani yetu, hajawahi kukimbia hata kuikimbia mvua, akaniuliza, "Kwani hiyo marathoni yenyewe mtapanda baskeli?" Nikamwambia anyamaze anywe kahawa yake.

Lakini baskeli ina hila zake, na nilizijua moja moja. Ukichoka unaacha kupiga pedeli, nayo inakwenda. Kwenye mbio ukiacha, umesimama. Kisiwa chetu nacho hakina milima ya kumkomoa mtu, kwa hivyo nusu ya safari mtu amekaa tu juu ya kiti anajiona bingwa. Halafu upepo. Unakukausha jasho, unajihisi kijana, ukishuka tu joto lote linakuvamia kwa pamoja na kichwa kinazunguka. Na nyayo zinalala. Mtu anayekimbia ardhi inampiga kila hatua, mpaka mwili unazoea kipigo. Baskeli haikupigi. Ndiyo maana daktari anaipenda, na ndiyo maana haikutayarishi kwa kipigo.

Tena baskeli yenye keria, hapa kwetu, si mali yako peke yako. Mtu akikimbia watu humwacha, wakamcheka basi. Mtu akipita na baskeli, husimamishwa. "Shikamoo. Unakwenda Mangapwani? Mpelekee shangazi yangu kifurushi hiki." Utakataaje? Nilitoka kufanya mazoezi nikarudi na mihogo, na kesho yake nikapeleka kanga za mtu, na mara moja nikampakia bibi mmoja mnene aliyekuwa akienda hospitali, akanisimulia maradhi yake yote njia nzima. Mke wangu alipoambiwa alicheka mpaka akakaa chini. Mie sikucheka. Niliona mwaka unakwisha.

Yeye alikuwa akikimbia kweli. Nilimfuata nyuma na chupa za maji, polepole, karibu nianguke kwa kwenda polepole. Siku za mapumziko tulipishana na vikundi vya mazoezi, wanakimbia kwa safu huku wanaimba, na mmoja wao akatupigia kelele, "Mzee, huyo unamchunga au unamfukuza?" Wote wakacheka. Yeye akawapungia mkono. Alikuwa amekuwa mwepesi, hatua zake hazisikiki tena. Nilimwonea fahari, na nilimwonea wivu, na vyote viwili viliniuma.

Asubuhi moja nilimwambia leo nakimbia. Tulikuwa tumefika Bububu. Baskeli nikaiacha dukani kwa mtu tunayemjua, nikamwambia mke wangu tunakwenda Mangapwani, wote kwa miguu. Akaliangalia goti, akaniangalia mie, akasema, "Haya, bismillahi."

Mwanzo ulikuwa mtamu, na sitaki kuusema sana kwa sababu unanitia simanzi. Pumzi zilikuwepo, kumbe baskeli haikunidanganya hapo. Tulikimbia bega kwa bega, hatusemi, na nikawa naipanga marathoni yote kichwani: wapi tutakunywa maji, wapi nitamwacha atangulie, wapi nitamfikia.

Tulipoipita Chuini goti likaanza. Kwanza lilikuwa jambo dogo, kama kijiwe ndani ya kiatu. Kisha likawa si jambo dogo. Nikabadilisha hatua, nikautupa uzito mguu mwingine, mguu mwingine nao ukagoma, nyonga ikaitikia, nikawa nachechemea nikijiambia hakuna anayeona. Mapafu yalikuwa yanataka kwenda. Nilikuwa na pumzi za kufika Mangapwani na sina mguu wa kunifikisha. Nikauma meno. Nilimwomba Mungu anipe hata nusu ya njia iliyobaki, nikamwomba robo.

Yeye alikuwa mbele yangu kidogo. Hakugeuka nyuma. Akapunguza mwendo, akapunguza tena, mpaka akasimama kando ya barabara, akaweka mikono kiunoni.

"Nshachoka," akasema. "Hebu tutembee."

Nikasimama karibu yake. Mie nilikuwa nahema, natota jasho, siwezi kuukanyagisha mguu chini sawasawa. Yeye kifua chake kimetulia. Alikuwa akipumua kwa pua, taratibu, kama mtu aliyekaa jikoni anachambua mchele.

"Umechoka wapi," nikamwambia.

"Nimechoka, bwana. Na hiyo marathoni nayo tuiache. Mie nshachoka nayo."

Mke wangu hajui kusema uongo. Hata watoto wanalijua hilo, wakitaka siri itoke wanamuuliza yeye. Daktari sikumwamini, na picha sikuiamini, nilisema ni mashine mbovu. Lakini nilimtazama mwanamke huyu, aliyekuwa na uwezo wa kufika Mangapwani na kurudi na bado akapika chakula cha mchana, ananiangalia usoni anasema amechoka, na macho yake yamejaa maji. Nikajua basi tena. Sitakimbia marathoni, si mwaka huu wala mwaka mwingine, na yeye ameshaamua kutoikimbia kwa ajili yangu.

Nilipaswa kumwambia, nenda wewe. Neno lilinifika mdomoni.

Nikamwambia, "Haya, tuiache."