Kompyuta Iliyoundwa Jikoni kwa Mama

Sisi tuliokulia kwa majani chai huko Kericho miaka ile ya tisini, stima ya kwanza tuliyoijua haikutoka kwa nguzo. Ilitoka kwa sweta. Mvua ikishakatika mwezi wa kwanza, hewa inakauka mpaka midomo inapasuka, na ukivua sweta ya shule kwenye chumba chenye giza, tatata! Cheche za buluu, nywele zimesimama wima. Tulipigania zamu. Ukiwaambia watoto wa siku hizi kwamba huo ndio ulikuwa mchezo wetu, wanakuangalia kama umerukwa na akili. Wacha waangalie.

Mwaka niliokuwa darasa la tano, Senge Chelangat alirudi kutoka Nairobi. Senge ndiye shangazi kwetu, huyu alikuwa dadake baba. Ofisi aliyokuwa akichapa barua ilifungwa, akaja nyumbani na katoni mbili za vipande vya kompyuta alivyonunua kimoja kimoja. Alitaka kuiunda mwenyewe, halafu afungue duka la kuchapa barua pale senta, kwenye maduka. Baba alikuwa na chumba kitupu hapo senta, lakini kulikuwa na mtu wa posho mill, ile mashine ya kusaga unga, aliyekuwa akikimezea mate.

"Chelangat," baba akamwambia, "nikiona hiyo kitu imewaka kabla ya Jumapili, chumba ni chako. Isipowaka, nampa mtu wa posho mill, na wewe ubebe kikapu uchume chai kama wengine."

"Itawaka."

"Tutaona."

Mama naye akataka kumsaidia wifi yake. Mnajua msaada wa mama zetu ulikuwa nini: vitambaa. Kila kitu cha maana kilivaa kitambaa cha kufuma. Makochi, redio, hata thermos. Sasa kitu kimetoka Nairobi, kikae uchi? Akatandika vile vizuri zaidi, vya uzi wa nailoni, juu ya meza ya sebuleni, chini kuna kapeti ya plastiki. Senge akaketi na sweta yake nzito kwa sababu baridi ya asubuhi Kericho haina huruma. Vipande vikapangwa juu ya vitambaa kama keki ya harusi. Akaunda, akafunga, akachomeka kwa stima ya nguzo iliyokuwa imetufikia majuzi tu, akawasha.

Kioo kikabaki cheusi. Ndani ya sanduku ikaanza kulia piii, piii, piii, kama kifaranga aliyepotezana na mama yake.

Akaizima, akarudia, ikalia vilevile. Alisema memori imekufa, ile kadi nyembamba ambayo bila hiyo mashine haiwezi kuamka. "Na ilikuwa mpya! Nani ameiua?" Alikuwa amebaki na moja tu. Siku hiyo ilikuwa Ijumaa.

Jioni akaja chumbani kwetu, akavua sweta. Tatata! Nikapiga makofi, nikamuuliza swali lililokuwa limeniwasha miaka mingi: "Senge, kwani stima huingia kwa sweta saa ngapi?"

Akaivaa tena, akaivua. Tatata. Akachukua kitambaa kimoja cha mama, akakisugua kwa sweta, akakisogeza karibu na vipande vya karatasi. Karatasi zikaruka, zikakigandia.

"Uuui! Yule kijana wa duka aliniambia nishike chuma kwanza kabla ya kushika kadi. Nilifikiri ananitongoza."

Tulijaribu kila kitu nyumbani humo. Kapeti ya plastiki, mbaya. Blanketi, mbaya kabisa. Meza tupu ya mbao, kimya. Leso ya pamba, kimya. Miguu mitupu juu ya udongo, kimya kabisa. Hakuna somo la sayansi limewahi kunishika hivyo.

Asubuhi Senge akahamia jikoni, kile kijumba cha nyuma chenye sakafu ya udongo iliyopakwa samadi. Mama akawaka.

"Kitu cha Nairobi unaweka kwa moshi? Watu watasema nina roho mbaya!"

"Mama Chepkoech," Senge akamwita kwa jina langu mimi, "vitambaa vyako ndivyo vimeua ile ya kwanza."

Mama akanuna, lakini akatoa sufuria. Moto ukazimwa, sakafu ikanyunyiziwa maji kama tunataka kufagia. Senge alikuwa miguu mitupu, na gauni kuukuu la pamba, mikono wazi, anatetemeka. Kabla ya kugusa kipande chochote aliweka kiganja kwenye chuma cha sanduku, halafu anashika kadi kwa kingo tu. "Ile stima ya mwili inashukia hapa na kwa udongo," akanieleza. "Wewe huisikii. Kadi inaisikia."

Mwenye sweta hakukaribia mlango. "Toa hiyo kitu ama upotee!" Senge alifoka. Sisi watoto tukabaki na vesti, meno yanagongana, na hakuna aliyekubali kuondoka.

Baba akaja akaanza kuzunguka nje, akikohoa. Mwanaume wa Kipsigis anayejiheshimu haingii jikoni kwa mkewe.

"Imefika wapi?"

"Ingia uone," Senge akamjibu.

"Mimi? Jikoni?"

"Basi ngoja."

Akangoja. Sanduku lilipofungwa likabebwa hadi verandani, na Senge akajikausha, akavaa viatu, maana stima ya ukutani si ya kuchezewa. Akawasha.

Pi! Mara moja tu. Herufi nyeupe zikaanza kukimbia kwenye kioo. Baba akainama mpaka pua ikakaribia kugusa.

"Inafanya nini?"

"Inahesabu memori yake."

Baba akaiangalia ikihesabu mpaka ikamaliza. Kisha akatoa ufunguo wa chumba, akamwekea dadake mkononi, akatuma mtu amwambie yule wa posho mill atafute pengine.

Nikikumbuka hayo nakasirika, na siombi msamaha. Wiki iliyopita simu yangu ilizima. Nikampelekea fundi mjini, nikamwambia aifungue nione ndani. "Madam, hizi hazifunguliwi. Nunua ingine." Hazifunguliwi! Vijana wanajua jina la kila simu iliyotoka mwaka huu, na hawajawahi kuona tumbo la hata moja.

Nikarudi nayo nyumbani, nikachukua kisu chembamba, nikaketi hapo mlangoni nikiigeuza-geuza. Mwanangu akainua macho kutoka kwa simu yake.

"Mum, unatafuta nini?"

Lilikuwa swali lake la kwanza wiki nzima. Nikamwambia avue viatu, aje akae hapa karibu.