Mwanamke Niliyemfumua

Kitambaa kile nilikidarizi mwenyewe. Vipeperushi vya uzazi wa mpango vilikuwa vinaishia kufungia karanga, na wanawake ninaowafundisha kijijini Kasokola wengi husoma kwa shida. Lakini hakuna asiyejua kukisoma kitambaa. Kila sebule ina cha kochi na cha meza. Mimi niliishia darasa la saba. Mengine nimeyasoma mwenyewe, polepole, nikimuuliza muuguzi nilipokwama.

Nikadarizi safu za wanawake, kila njia na safu yake. Waliokaa bila mimba niliwapa uzi wa kijani, walioshika mimba wakiwa wanatumia njia hiyo niliwapa mwekundu. Njia ya sindano ilikuwa na safu mbili. Ya wanaochelewa tarehe ya kuchomwa ilikuwa na wekundu kadhaa. Ya wanaofika kwa tarehe ilikuwa na mmoja tu, mwishoni kabisa.

Huyo mmoja ndiye aliyenisumbua. Kila kikao waliwaacha wote wa kijani wakamuulizia yeye. "Huyu naye alikosea nini?" Nikisema hakukosea, waliguna. "Basi sindano yenyewe bahati nasibu."

Siku moja, nyumbani kwangu mjini, Nsemulwa, nilichukua wembe nikamfumua. Nikapiga kitambaa pasi. Safu ikaisha mapema kidogo kuliko nyingine, na kikao kilichofuata hakuna aliyeuliza. Nilijiona nimefundisha vizuri.

Baada ya mavuno, mama mmoja wa Kasokola, fundi wa vitambaa anayejulikana, alifika kwangu na mke wa mwanawe. Binti hakukaa mpaka mkwewe alipomwonyesha mkeka.

"Mwalimu, toa kitambaa," alisema yule mama. "Huyu ana mimba, na sindano kachoma kwa tarehe zote. Mwanangu anamwita muongo. Anasema alikuwa anaaga kwenda zahanati, kumbe anaenda gulioni."

"Kadi yake je?"

"Kadi! Anasema kadi ni kalamu tu, nesi akipenda anaandika. Ila kitambaa chako alikiona kwenye mkutano wako na wanaume. Anasema safu ile haina mwekundu hata mmoja. Kamwambia afungashe, arudi kwao Ugalla mpaka aseme ukweli."

"Mie sikukosa hata mara moja, mama," binti alisema. Alikuwa akimwambia mkwewe, lakini maneno yalinifika mimi.

Nilikitandaza. Yule mama hakutafuta rangi. Alipitisha kidole mwisho wa safu, kisha akakiinua kitambaa kwenye mwanga wa mlango.

"Hapa palikuwa na mtu."

Nikasogea, nikatazama alipoonyesha.

"Uzi umetolewa, matundu haya hapa. Nashona tangu sijaolewa, utanificha mimi? Alikuwa rangi gani?"

"Mwekundu."

"Ukamtoa kwa nini?"

"Alikuwa anawatisha wenzake."

Alicheka kidogo, bila furaha. "Nyie watu wa mjini! Akiwatisha mnamfumua. Haya, na huyu wangu nimfumue vipi?"

Nimewahi kuona aibu kwa kutojua jambo. Aibu hiyo nimezoea kuitibu kwa kusoma. Hii haikuwa na kitabu, kwa sababu nilikuwa najua. Nilifungua kopo la nyuzi nianze kushona, akanishika mkono.

"Si hapa. Utamshonea mbele ya mwanangu."

Tukaenda. Mwanawe alikuwa uani, na begi la mkewe lilikuwa nje, kando ya mlango. Nilikaa kwenye kigoda alichonisogezea mama yake, nikapitisha sindano kwenye matundu yaleyale. Mshono ukaenda upande.

"Huyu mwekundu alikuwepo tangu mwanzo," nilimwambia yule kijana. "Alifika kwa tarehe kila mara, akashika mimba hivyo hivyo. Hutokea, ni wachache sana. Mkeo hakudanganya. Aliyeficha ni mimi."

Kijana alitazama mpaka nilipokata uzi kwa meno, akainuka, akalichukua begi na kuliingiza ndani.

"Mshono mbaya," mama yake alisema, akikikagua kitambaa. "Uache hivyo hivyo."

Binti alitoka na kikombe cha maji. Akapiga magoti mbele yangu, kama mgeni anavyopokewa huku kwetu, akanipa kwa mikono miwili. Nilitamani asipige magoti. Nilikipokea kwa mikono miwili vilevile.