Komite ya studio na batoto niliobaficha

Leo jina ya mutoto wangu imeniumbua mbele ya komite!

Tangu tukimbie vita Eringeti, kila nyumba Butembo balitukatala juu ya batoto.

Leo nikaenda kuomba studio, nyumba ya chumba kimoja, kwa kwartie, mutaa ya batajiri: imetengenezwa upya, chini karo, vigae vya kungaa, bomba ya maji ndani. Ni ya kikundi ya banamama, komite yao ndiyo inachagua mupangaji.

Nikasema niko na mutoto moja tu, huyu wa mugongoni. (Munisamehe.)

Mama prezida wa komite akamubeba: “Anaitwa nani?”

“Kasereka.”

Bakacheka bote, prezida akasema:

“Kwetu huku Kasereka ni jina ya kijana wa tatu, mama. Paluku wa kwanza na Kambale wa pili uliacha wapi?”

Machozi ikanitoka. “Bako ku duka pale. Nimebaficha.”

“Enda ubalete. Studio ni kidogo, lakini batoto habafichwi.”

Tumeingia bote bane.

Paluku amesimama ku mulango, anauliza kama tunaruhusiwa kukanyaga karo.

Nimemuambia: kanyaga, baba.