Kikombe cha Safari

Saa sita na robo mchana, jua likiwa la utosi, Mama Tone anachovya msumari kwenye kichupa cha oili nyeusi na kuliacha tone moja lidondoke juu ya karatasi ya kuchujia. Dereva aliyeleta kichupa amevua kofia. 

Tone linatambaa taratibu. Katikati linabaki doa, nje yake linajitokeza duara. Mama Tone anainamisha uso mpaka pua inakaribia kugusa karatasi.

"Gari hili lilipita kwenye maji?"

Dereva anaikunja kofia yake. "Wiki iliyopita. Nani kakwambia?"

"Oili yako. Ona, ukingo una meno kama msumeno."

Madereva wanamwogopa kidogo, na hawaoni haya kusema. Ana miaka hamsini na tatu, mwembamba, mwingi wa utani, mwenye tabia moja isiyozoeleka: injini yoyote ikiwashwa nje, hunyamaza katikati ya sentensi. Hutega sikio mpaka izimwe au iende zake, ndipo anaendelea alipoishia.

Duka lake la oili ni chumba kimoja kinachotazamana na uwanja wa malori. Ukuta wa nyuma umejaa karatasi zenye matone, zaidi ya mia nne, kila moja na tarehe yake. Upepo ukiingia hupepea zote kwa pamoja, na mgeni anaweza kuhisi kwamba anatazamwa.

"Hayo ni macho ya injini," anatania. "Nyingine zilishakufa, lakini bado zinaniangalia."

Kwa wiki anauza madumu kama thelathini ya lita tano. Dumu moja la oili ya sinthetiki linalingana na ujira wa kibarua wa siku nne, kwa hiyo wateja hawaishi kubishana. Yeye habishani, anauliza tu. Kitabu cha injini kinataka oili ipi? Bomba la moshi lina chujio au halina? Gari linabeba nini, na asubuhi linawashwa kwenye baridi ya wapi?

"Sinthetiki huichagui kwa rangi ya dumu," anasema. "Gari lenye chujio la moshi linataka oili isiyoacha majivu mengi, la sivyo chujio linaziba. Iliyotengenezewa petroli peke yake usiitie kwenye dizeli. Halafu kuna wanaotaka nzito kupita kiasi, ili injini inayogonga inyamaze mpaka mnunuzi wa gari aondoke. Hao siwauzii. Injini ikisema, iache iseme."

Kingine asichokubali ni kikombe cha safari. Madereva wengi hupenda kuongeza kikombe kimoja cha oili juu ya alama ya kijiti cha kupimia, kama dua ya njiani. Mumewe, aliyeendesha lori kwa miaka kumi na tisa, hakuondoka bila hicho kikombe. Aliyekimimina ni mkewe.

Miaka kumi na moja iliyopita alikimimina, akafunga kifuniko, akampungia mume wake mkono. Habari ililetwa na dereva mwenzake aliyekuwa nyuma. Kwenye mteremko, injini ilianza kunguruma bila mguu wa dereva kuiomba. Ilikuwa inavuta oili yake yenyewe na kuichoma badala ya dizeli. Lori likatoka barabarani.

"Walimkuta na ufunguo mkononi," Mama Tone anasema. "Alishazima. Alishauchomoa. Na injini bado inanguruma, peke yake, mpaka oili ikaisha."

Siku ya arobaini ya msiba ilishapita alipofungua kitabu cha injini na kusoma onyo: usizidishe alama. Fundi alisema injini yenyewe ilishachoka, huenda ingetokea hata bila kikombe. "Huenda," anarudia. Hakumwambia mtu kwamba aliyekimimina ni yeye. Tangu siku hiyo hajampungia mkono dereva yeyote.

Alichofanya ni kuchonga ubao, akauvika mpira wa tairi na kuutundika mlangoni. Watu walidhani ni wa kukatia nyama.

Mwezi uliopita mwanawe wa pekee, dereva wa miaka ishirini na nane, aliingia dukani akicheka.

"Mama, hili lori nililopewa lina baraka! Kila nikipima oili, imeongezeka. Na mimi siongezi!"

Mama Tone hakucheka. Alichukua tone kwenye kijiti cha kupimia. Lilipanuka upesi, likazungukwa na duara pana lililopauka. Dizeli ilikuwa inavuja na kuingia kwenye oili, ikiipandisha juu ya alama, kikombe baada ya kikombe, bila mkono wa mtu.

"Mbona hukulizima?"

"Acha lingurume hapo nje. Nina haraka, Mama, mzigo unasubiri."

"Kalizime, baba. Sasa hivi."

Alikwenda. Badala ya kuzimika, injini ilipandisha sauti. Karatasi zote ukutani zikaanza kutetemeka. Mwanawe akarudi mbio mlangoni.

"Mama, nimeuchomoa."

Ufunguo ulikuwa mkononi mwake.

Mama Tone alinyakua ubao, akapenya katikati ya moshi wa bluu na kuugandamiza kwenye mdomo wa bomba la kuvutia hewa ya injini, nyuma ya kabini. Bomba liliuvuta kwa nguvu, nusura limbane vidole. Injini ikakosa hewa, ikakohoa, ikatikisika, ikafa.

Mwanawe alikaa chini kwenye kokoto. Hapo ndipo mama alipomweleza habari ya kikombe, yote, akiwa bado ameukumbatia ubao.

"Alinigeuzia mgongo. Nikajua nimempoteza na huyu," anasema, na machozi yanamtoka wala hayafichi. "Halafu akauliza kikombe kiko wapi."

Kilikuwa kwenye rafu ya juu, kimefunikwa kifudifudi. Mwanawe hakukitupa. Alikitoboa kitako kisishike oili tena, akakitundika mlangoni, kisha akaomba naye achongewe ubao wa kuweka kwenye kabini.

Sasa Mama Tone anachonga mbao arobaini, moja kwa kila lori linalolala uwanjani. Amemaliza tisa. Anataka pia kuwafundisha madereva kila Jumamosi namna ya kuzitumia.

"Na mimi mwenyewe," anaongeza, "nataka siku moja niweze…"

Nje, lori la mwanawe, lililokwisha kutengenezwa, linawashwa. Mama Tone ananyamaza. Karatasi zinatikisika ukutani. Kisha injini inazimika papo hapo, na mkono unajitokeza dirishani, umeuinua ufunguo ili auone. Hivyo ndivyo anavyomuaga mama yake siku hizi, kabla ya kuwasha tena na kuondoka.

Mama Tone anashusha pumzi.

"…kumpungia mkono."