Bonge la Udongo wa Sekela

Ilikuwa saa kumi na mbili na dakika kumi asubuhi. Nina tabia ya kuangalia saa, kwa hiyo usiniambie niliota. Haya yalinipata Matema, ufukweni mwa Ziwa Nyasa, nikiwa macho.

Sekela, jirani yangu mfinyanzi, alikuwa ziwani, maji yamefika kifuani, kisu mkononi. Alisema atakayemsogelea atamkata, kisha atajikata mwenyewe. Mwaka uliotangulia, ugonjwa wake wa akili ulipomshika, tuliita polisi. Kabla hawajafika tulimfunga kamba ya nyavu. Alilala mahabusu, akarudi na makovu mikononi, na kwa miezi mitatu hakusema neno. Kamba ile niliikaza mimi.

Sasa wanaume sita walisimama wakisubiri nipige simu tena. Nilikuwa nimebonyeza nusu ya namba.

Bibi mmoja akaja begani kwangu, ameshika bonge la udongo mbichi. "Weka simu, mwanangu. Waambie wakae. Mfinyanzi hasimamiwi." Ni kweli: kwetu ukimkuta mama anafinyanga unakaa chini, kivuli chako kisiangukie chungu. Nani angekumbuka hilo saa ile? Akanipa udongo. "Usimwambie atoke. Mwulize udongo huu unafaa chungu gani."

Wenzangu wakakaa. Nikaingia majini polepole, nikauliza.

Sekela akautazama sana. "Huu? Umejaa mchanga. Wewe hata sufuria hujui kuchagua."

Akaupokea. Bonge kama lile halishikiki kwa mkono mmoja. Kisu kikazama.

Tulipofika mchangani niligeuka kumshukuru yule bibi. Hayupo. Wenzangu waliapa kwamba hawakumwona. Walisema mimi ndiye niliyewaamuru wakae, tena kwa sauti ya kike.

Sekela alikuwa akitazama alama za vidole kwenye udongo. Gumba lilikuwa fupi, halina kucha. "Ndaga, juba," akasema. Asante, mama. Mama yake, aliyekatwa gumba na jembe, tulimzika miaka minne kabla.

Siku hizi naenda naye hospitali kila mwezi kuchukua dawa. Akizidiwa, tunakaa chini karibu naye, na mmoja wetu anamfuata muuguzi. Simu ya polisi hatujapiga tena.

Nawe ukiitwa kwa mtu aliye katika hali hiyo, kaa kwanza. Kamba iache nyumbani. Kipande cha udongo ule chenye alama ya gumba, Sekela alinipa mimi. Kipo rafuni, misimu miwili ya jua imepita, na kila asubuhi nikikigusa vidole vyangu hutoka vimelowa.